Chanjo ya HPV: kwa nini mabinti peke yao?

Ndugu zangu, tujadili hili bila kutupiana maneno. Virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa ngono na vinavyoweza kuleta saratani, vinapita kwa mwanamume kama vinavyopita kwa mwanamke, lakini katika nchi nyingi siku ya chanjo anaitwa binti, kaka yake anabaki darasani. Mimi nasema hata mvulana achanjwe.

Mjomba wangu alikuwa ananyoa ndevu, vidole vikagusa kivimbe chini ya taya. Hakikuuma, akakipuuza miezi kadhaa. Kumbe ni saratani ya koo, na vipimo vikaonyesha chanzo ni HPV. Nilimuuguza wakati wa mionzi. Mate yalimkauka, hata maji aliyameza huku amefumba macho.

Wanaopinga wana hoja nzito, siwabezi. Kati ya saratani zinazoletwa na HPV, ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua zaidi: mwaka 2022 ilichukua wanawake wapatao 350,000 duniani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linawatanguliza wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana na virusi, kwani chanjo hii hukinga tu, haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia. Na wasichana wakichanjwa kwa wingi, wavulana nao hukingika kiasi, maana virusi vinapungua kuzunguka. Dozi zikiwa chache, hata mimi nampa binti kwanza.

Lakini tangu 2022 shirika hilohilo limekubali kwamba dozi 1 inaweza kutosha kwa rika hilo pale ambapo zilihitajika 2, kwa hiyo dozi zilezile zinaweza kuwafikia watoto wengi zaidi. Australia ilianza na wasichana 2007, ikawaingiza wavulana 2013.

Linaloniuma zaidi ni hili. Akiitwa binti peke yake, maneno yanaanza: mtoto mdogo hivi achanjwe ugonjwa wa ngono, kwani ana nini? Mzazi anaona aibu, hasaini fomu, mtoto anakosa kinga. Wakiitwa wote, inakuwa chanjo kama ya surua, hakuna wa kunyooshewa kidole. Mbona homa ya ini B nayo huambukizwa kwa ngono, na tunawachanja watoto wachanga bila mtu kuuliza habari za tabia?

Lengo la dunia ni asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, ifikapo 2030. Wewe unayesema wavulana wasubiri, wasubiri mpaka tufike hapo? Na pasipofikika, je?