Ushauri: tebo soo (msumeno wa meza) ya kufanyia kazi nyumbani, nichukue ipi?

SeremalaWaJumamosi
Wakuu habari za leo, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya mbao. Useremala sio kazi yangu rasmi, nina ajira, ila tangu 2019 natengeneza vitu vya nyumbani, nilianza na stuli nikaenda kwenye vitanda vya watoto, na sahivi nimemuahidi mama watoto makabati ya jikoni yote. Nipo Goba, nyuma ya nyumba nina banda la bati kama mita 4 kwa 5, umeme wa fezi moja wa kawaida.

Mpaka leo mbao napeleka kupasuliwa kwenye mashine za mtaani na hapo ndo shida ilipo, unamwambia jamaa nataka inchi mbili na nusu, anakupa mbili na robo kichwa kimoja na mbili na nusu kichwa kingine, unarudi nyumbani unaanza kuranda kwa mkono kutafuta kunyooka mpaka mbao inaisha. Mwezi uliopita nimeharibu vipande sita vya mkongo kwa mtindo huo, iliniuma sana.

Nimeweka milioni moja na nusu. Nimezunguka Kariakoo pale Gerezani na nina njia tatu kichwani. Kuna hizi za inchi 10 za Kichina za wati 1500, meza ya aluminiamu, hiyo naipata na chenji inabaki. Kuna ya kuchomelewa na fundi, meza ya chuma kitupu na mota ya hosi pawa 3 na mkanda, jamaa ananiambia hiyo inapasua hata gogo. Alafu kuna shemeji yangu yuko Marekani anasema ananunua mtumba mzuri wa huko aweke kwenye kontena lake. Nichukue ipi?

Fundi_Keko
Mkuu, mimi nimekulia Keko kwenye vumbi la mbao, mwaka wa ishirini na tatu huu. Hiyo ya kuchomelewa ina nguvu kweli, hakuna anayebisha, ila nakuomba sana usiiweke nyumbani kwako hasa kama watoto wanapita humo bandani. Mkanda uko wazi, puli iko wazi, bledi haina kifuniko na kubwa zaidi haina kile kisu cha nyuma.

Ngoja nikueleze ilivyonitokea 2014. Tulikuwa tunapasua paini ya mbili kwa sita, zile za kutoka Sao Hill zinafika mjini bado mbichi ukiishika mkono unaloa. Mbao mbichi ukiipasua inajifunga yenyewe, ule mpasuo unabana bledi kwa nyuma. Na bledi kwa nyuma inapanda juu inakuja kwako, sio kama mbele ambako inakandamiza chini. Sasa ikabana, sikusikia mlio wowote wa kunionya, nilisikia tu pigo tumboni na mbao ikaenda kutoboa bati nyuma yangu, na mkono wa kushoto uliokuwa unasukuma ukavutwa kwenye bledi. Kidole cha shahada kimekatika juu ya kiungo cha kwanza. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4800 kwa dakika meno yake yanakimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa, hakuna mtu anayewahi kutoa mkono hapo.

Kile kisu cha nyuma ndo kinakaa ndani ya mpasuo kuzuia mbao isifunge. Basi. Ni kipande cha chuma tu lakini ukienda dukani kiulizie kabla hujauliza wati. Na kiwe kile kinachopanda na kushuka pamoja na bledi, sio kilichofungwa sehemu moja, maana kile cha kusimama palepale mafundi wanakitoa siku ya kwanza na hakirudi.

SeremalaWaJumamosi
Pole sana mkuu, aisee. Ya kuchomelewa nimeifuta kuanzia sasa. Naomba kuuliza, hizi ndogo za aluminiamu zitaweza mninga na mkongo? Ndo hofu yangu, wati 1500 naona kama kidogo.

DadaMbao_Arusha
Kaka yangu, wati zisikusumbue. Mimi natumia DeWalt DWE7492 mwaka wa nne, ina wati 2000 na bledi ya 250mm, na kabla yake nilikuwa na ya Kichina ya 1500, mninga mkavu wa inchi 2 zote zinapasua, ile ndogo unasukuma taratibu tu. Kinachofanya mashine izidiwe mara nyingi ni bledi. Ile inayokuja kwenye boksi wengi wanapasulia nayo kila kitu mpaka inaunguza mbao alafu wanailaumu mota. Nunua ya meno 24 kwa kupasua kufuata nyuzi, na ya meno 60 kwa plaiwudi na kukata kukatisha, ukishindwa mbili chukua moja ya meno 40. Angalia tundu la katikati, hizi zetu nyingi ni 30mm. Na unene, kisu cha nyuma anachosema Fundi huwa wamekiandika unene wake pale pembeni, mpasuo wa bledi lazima uwe mpana kuliko kisu la sivyo mbao itagota.

Sasa tatizo lako wewe ulilosema mwenyewe ni kunyooka. Robo inchi upande huu na nusu upande ule, hiyo haitoki kwenye mota, inatoka kwenye fensi, ile chuma ya kuegemezea mbao. Kwenye ya kwangu ya zamani fensi ilikuwa inafungwa mbele tu, nyuma inaning'inia, kila nikiifunga napiga na ngumi kuisogeza. Nilichoka. Hii ya sasa ina raki za meno mbele na nyuma, unazungusha kitufe kimoja inatembea yote kwa pamoja, nikiweka 60mm napata 60mm mpaka mwisho wa mbao.

Ukienda dukani nenda na tepu, guni (ile ya kupimia pembe mraba) na maka peni. Mwambie muuzaji aifunge meza yote, usinunue ikiwa kwenye boksi. Waya uwe umechomolewa. Pandisha bledi mpaka juu, chagua jino moja ulitie alama, ulizungushe lije mbele, pima kutoka ule mfereji wa kwenye meza mpaka kwenye jino. Alafu lizungushe jino hilohilo liende nyuma, upime tena. Vipimo viwe sawa. Ukitumia meno mawili tofauti utadanganyika maana moja linaweza kuwa limepinda zaidi. Ukimaliza funga fensi, pima mbele na nyuma kutoka mferejini, fungua funga mara tano. Ikikupa majibu matano tofauti iache hapohapo hata kama bei ni ya kutupa. Fensi ikibana kwa nyuma kuelekea bledi ndo mwanzo wa yale ya Fundi.

mzee_wa_Houston
Habari za huko nyumbani. Mwambie shemeji yako asubiri kwanza. Mashine za huku ni volti 120 na hezi 60, huko nyumbani ni 230 na 50. Zile ndogo zenye mota ya brashi za kaboni zitataka transfoma kubwa ya kushusha umeme, uzito na gharama juu. Zile kubwa nzito zenye mota ya kapasita hata ukiweka transfoma mota itazunguka polepole kuliko ilivyotengenezwa na itachemka, kwa sababu transfoma haibadilishi hezi. Alafu shafti ya huku ni inchi tano ya nane, yani kama 16mm, bledi zenu za 30mm zitataka bushi.

Huku kuna tebo soo za SawStop, zimeanza kuuzwa 2004, bledi ikigusa nyama inasimama ndani ya milisekunde 5, inapigiwa kipande cha aluminiamu. Nzuri sana, ninayo moja, ila ikishapiga unanunua katriji mpya na mara nyingi na bledi pia, na mbao mbichi sana inaweza kuifyatua bure. Kwa paini ya maji hiyo mnayoisema ingekuwa shida.

chipsi_mayai
Kwa makabati utakuwa na shiti za plaiwudi za futi 8 kwa 4, usijaribu kusukuma shiti nzima kwenye meza ndogo peke yako, itapinda na kurudi. Pasua kwanza chini kwa msumeno wa duara wa mkono na rula ndefu uliyoibana na klampu, alafu vipande vidogo ndo vije mezani. Na ekstensheni iwe ya waya 2.5, uikunjue yote, ikiwa imeviringishwa inachemka.

Fundi_Keko
Huyo wa juu kasema kweli. Naongeza vumbi, funga barakoa hata kama unakata dakika mbili, hasa mvule, ule unawasha kifua na ngozi. Sisi wa zamani tulikuwa tunafunga leso tu na kikohozi kinatuambia.

SeremalaWaJumamosi
Narudisha majibu wakuu. Jana Jumamosi nimeenda Gerezani na tepu, guni na maka peni kama dada alivyosema. Duka la kwanza muuzaji alikataa kufungua boksi, nikaondoka. La pili akakubali, mashine ya wati 1500, kisu cha nyuma kinapanda na bledi vizuri ila fensi nilipofunga mara tano nikapata tofauti ya milimita 3 mbele na nyuma, nikamshukuru. Duka la tatu kulikuwa na DWE7492 iliyotumika, raki zote mbili zina meno safi, jino la alama mbele na nyuma likatoka sawasawa, fensi mara tano zote nusu milimita haifiki. Wamekubali niiwashe, haina kelele ya beringi. Bei imezidi niliyoweka kwa laki mbili na tisini, mama watoto kasema makabati yake yasogee mwezi mmoja, hana neno. Nimelipia nusu, Jumatano naifuata na Noah ya jirani. Dada, ile bledi ya meno 40 niitafute hukohuko au Arusha unapata wapi nzuri zaidi?