Kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli ya barabara: naomba ushauri

Mkazi wa Tanga

Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi na mdogo wangu huendesha baiskeli kila Jumamosi kutoka Tanga mjini hadi Muheza na kurudi, safari inayokaribia kilomita 70, na kwa sasa hatuioni kuwa nzito. Mwezi Juni tunakusudia kupakia baiskeli kwenye basi hadi Mombo, kulala hapo, na kesho yake asubuhi kuanza kupanda kwenda Lushoto. Baiskeli zetu zina tairi za milimita 28 na breki za kubana rimu, na gia nyepesi tuliyo nayo ni ya meno 34 mbele na 28 nyuma. Ningependa kujua mlima wenyewe ukoje kwa mtu aliyezoea vilima vidogo vya huku kwetu, na pia kama barabara hiyo inapita msituni kweli, kwa kuwa hamu yetu kubwa ni kuendesha chini ya miti. Naomba kuwasilisha.

Mzaliwa wa Soni

Karibuni sana Usambara. Mombo iko mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto inakaribia mita 1,400, na kati yake kuna lami ya kilomita 33 hivi. Ukigawanya utapata wastani wa kupanda mita 3 kwa kila mita 100, hesabu ambayo huwadanganya wageni wengi, kwa sababu sehemu kubwa ya mlima imewekwa kabla ya Soni, ambayo iko karibu na katikati ya njia. Mkishaiacha Mombo barabara inaingia kwenye korongo, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili bonde la mto, na kona zinafuatana kiasi kwamba huwezi kuona kinachokuja hadi kiwe kimeshafika.

Kinachokuja, mara nyingi, ni lori la kabichi na karoti linaloteremka kwenda sokoni, au basi dogo ambalo dereva wake anaijua kila kona na anaendesha kama mtu anayeijua. Wengi wao hupiga honi kabla ya kona, kwa hiyo msizibe masikio kwa muziki, na mkisikia honi mrudi kabisa kushoto hata kama mlikuwa mnakwepa shimo. Baada ya mvua za masika huwa kuna kokoto na mawe yaliyoporomoka kwenye kingo, na Juni mengine huwa bado hayajaondolewa.

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa maana joto la Mombo likishawaka mtamaliza maji kabla ya mlima. Soni pumzikeni, mnywe chai ya moto kwa maandazi na kuyatazama maporomoko ya maji yaliyo kando ya barabara. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kupanda kwa upole zaidi, kati ya vishamba vya mboga. Kuhusu msitu nitawaambia ukweli: miti mtaiona, lakini njia hiyo ni ya makorongo, vijiji na mashamba.

Fundi Mstaafu, Korogwe

Mwanangu, umeuliza kupanda na hukuuliza kushuka, na mimi nimetengeneza baiskeli miaka mingi nikawaona waliorudi kutoka huko wakiwa wamechubuka; hakuna hata mmoja aliyechubuka wakati wa kupanda.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa maumivu. Mara ya kwanza niliposhuka kutoka Soni niliogopa mwendo, nikashika breki zote mbili tangu juu bila kuziachia, nikidhani huo ndio uangalifu. Nilianza kusikia harufu ya mpira ulioungua, kisha kwenye kona tairi la nyuma likatoa upepo wote kwa mkupuo, nami nikaishia kwenye mtaro kwa bahati nzuri ya upande wa mwamba. Nilipoishika rimu iliniunguza kidole. Nilipoitoa tyubu niliona kiraka nilichokibandika mwenyewe kimebanduka ukingo mmoja, na gundi imekuwa laini kama ubani uliotafunwa.

Kwa hiyo wekeni tyubu mpya ambazo hazina kiraka hata kimoja, na viraka vibaki mfukoni kwa ajili ya dharura. Toeni raba za breki mzikague chini ya mwanga: mkiona vichembe vinavyong'aa vilivyojikita ndani yake, vichokoeni kwa ncha ya kisu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokwangua rimu. Mkiwa njiani, punguzeni mwendo kwa nguvu kabla ya kona, halafu achieni kabisa ili rimu ipate upepo, na simameni mara mbili au tatu hata kama hamjachoka. Ikinyesha, breki za aina hiyo huchelewa kushika, basi subirini chini ya paa la duka hadi lami ikauke.

Kuhusu gia, tafuteni ya nyuma yenye meno 32, ila kwanza mumwonyeshe fundi wenu kama kibadilisha gia chenu kinaweza kuibeba. Kwa meno 34 na 28, mkizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, mnalazimika kwenda kilomita 9 na ushei kwa saa. Kwa 32 mtaridhika na 8. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini magoti huitambua mapema.

Mpenda Misitu

Msitu mnaoutafuta unaanza pale ambapo wengi hugeuza. Kutoka Lushoto endeleeni kupanda kama kilomita 7 kuelekea Magamba, kwenye hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ambako kuna ubaridi hata saa sita mchana na mbega weusi kwa weupe wanaruka kwenye matawi. Mkitaka kuingia kwenye vijia vya ndani mtalipia getini na kutembea kwa miguu. Mkiwa na siku ya ziada, fululizeni hadi Mtae, kilomita 60 hivi kutoka Lushoto, mkaitazame nyika ya Mkomazi kutoka ukingoni.

Vilevile nashangaa kwamba mtu wa Tanga anaivuka Muheza kwenda kutafuta msitu Lushoto. Amani iko juu ya Muheza, na barabara yake ya udongo, baada ya geti la Zigi ambako bado kuna nyumba ya mkuu wa stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani, inapanda kwa kona kali ndani ya msitu wenyewe.

Mzaliwa wa Soni

Magamba nakubali, ila Mtae kwa tairi za milimita 28 sikubali hata kidogo. Njia hiyo ina udongo na mifereji iliyochimbwa na mvua, na baiskeli ya barabara mtaibeba zaidi kuliko itakavyowabeba. Amani ni vivyo hivyo: tafuteni kwanza tairi pana zenye meno.

Mkazi wa Tanga

Mzee Fundi, shikamoo, na wengine wote nawashukuru. Tumeamua kwenda Mombo, Soni, Lushoto na kumalizia Magamba, kisha kulala Lushoto usiku mmoja ili kushuka kukiwa kukavu na mikono haijachoka. Jioni hii nimezitoa raba za breki za mdogo wangu na nimekuta vichembe vinne katika raba moja ya nyuma, ilhali alikuwa akiniambia kila Jumamosi kwamba ule mkwaruzo ni vumbi tu.