Kisiwa gani Agosti na watoto wawili wadogo: Lamu, Wasini au Unguja?

BabaZawadi_Umoja

Wadau, salamu. Nina duka la spea Kirinyaga Road na nimeamua kulifunga wiki nzima Agosti, shule zikifungwa. Wateja wataninunia, wanune tu. Nataka kupeleka familia baharini, na si bahari hivi hivi, kisiwa. Zawadi yuko PP2, ameona kisiwa kwenye kitabu cha shule na sasa kila asubuhi ananiuliza kama kinaelea. Mdogo wake atakuwa anatimiza miaka miwili, bado yuko kwenye nepi. Shosho yao anatoka Othaya aje nasi. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na bahari ameiona kwenye televisheni pekee.

Nina kama laki moja na nusu, kila kitu ndani. Mke wangu anataka Lamu kwa sababu hakuna magari. Shemeji anasema Zanzibar, eti tukitoka tutoke kweli. Fundi mmoja hapa jirani, Mdigo, ni Wasini tu na hataki kusikia kingine. Hoteli nimeziangalia kwenye simu mpaka macho yanauma, zote zina bwawa na picha ileile ya mnazi ulioinama. Aliyewahi kwenda na mtoto wa nepi anieleze, nianzie wapi?

Kahawa_Tungu

Mombasa nayo ni kisiwa, jameni. Teremkeni kwenye treni, matatu mpaka Fort Jesus, mmemaliza. Chenji nitumieni.

BintiShela

Baba Zawadi, hujambo? Mimi ni mzaliwa wa Shela, Lamu. Sasa niko South C, nalea wangu kwenye ghorofa ambayo lifti yake ni ya mapambo. Kwa hiyo utashangaa nikikwambia hivi: Agosti, na mtoto wa miaka miwili, Lamu iache.

Si kwamba sitaki watu waje kwetu. Ni upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi ni kusi, na Agosti bado lina nguvu. Ufuo wa Shela unakwenda kama kilomita 12, mchanga mtupu, mzuri hata mimi niliyekulia pale bado unaninyamazisha. Lakini umetazama bahari kuu na hakuna mwamba mbele wa kuvunja mawimbi. Pale penye utulivu, karibu na kijiji, ndipo mlangoni mwa mkondo wa kati ya Lamu na Manda, na maji yakitoka hapo yanatoka kwa kasi. Sisi watoto wa pale tulijua saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mgeni hajui, na mtoto wa nepi hajui kabisa. Njooni Januari au Februari, kaskazi likivuma. Hapo nitawaelekeza mpaka kwa mama wa mkate wa mofa.

Sasa hoteli zifunge kwanza. Kabla ya kuuliza chumba, uliza maji.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Siku hizo maji huwa yamekauka kabisa mnamo saa nne asubuhi, kisha yanajaa pomoni mnamo saa kumi alasiri. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hizo hugeuka: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, ila hayapandi sana wala hayashuki sana. Babu yangu alikuwa mvuvi na hakuwa na jedwali. Alihesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu: tarehe 1 na 15 bamvua linaingia, karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Hesabu hiyo bado inafanya kazi na haili bando.

Haya, mfikirie mwanao. Saa nne asubuhi ndiyo ana nguvu zote. Saa saba anasinzia. Saa kumi ameamka, amekula, anataka kutoka tena. Ukifika wakati wa bamvua, saa nne utakuta bahari imeondoka. Watu wa Nairobi hapo hununa, wanamwita meneja. Mimi naona hapo ndipo mtoto anapopata raha yake. Kwenye mwamba hubaki vidimbwi, maji ya kifundo cha mguu, ya vuguvugu kama ya kuogea. Ndani mna kaa wa ukubwa wa kifungo cha shati, kauri, samaki wadogo wenye mistari, na jongoo wa bahari mweusi amelala tu hana habari na mtu. Mpe mdogo kikombe cha plastiki na kidimbwi kimoja. Atahamisha maji kutoka upande huu hadi upande ule mpaka wewe ndiye uchoke. Zawadi atapindua mawe. Mwambie alirudishe kila jiwe lilivyokuwa, chini yake ni nyumbani kwa mtu.

Vaeni sandaki za plastiki, za kufunga kisigino, wote mpaka shosho. Kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu kwenye mwamba, na mwiba wao ukivunjikia unyayoni utamaliza likizo kitandani. Na maji yakianza kurudi, tokeni papo hapo, msingoje yawafikie. Hayaji kutoka mbele pekee. Hujaza kwanza mabonde yaliyo kati yenu na nchi kavu, nyinyi mmeinama mnatazama kaa. Saa kumi yamejaa, yamefika kwenye mchanga, mnaingia kuoga, mdogo yuko mkononi mwako muda wote.

Kwa pesa yako mimi ningefanya hivi: treni hadi Mombasa, mkae Diani au Galu. Najua si kisiwa, ngoja kwanza. Kule mwamba uko mbali na ufuo na ndio unaopokea mawimbi, kwa hiyo hata kusi likivuma, ndani ni ziwa. Halafu mchague siku moja tulivu, mwende Shimoni asubuhi, mvuke hadi Wasini. Hicho ni kisiwa kamili, hakina gari, kina kijiji, na kuna bustani ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, wanawake wa kijiji wameijengea njia ya mbao juu. Mpatane na nahodha kabla: atoe jaketi la uokozi la saizi ya mtoto, si la mtu mzima la kumfunga kamba mara tatu, na aseme mtashukia wapi, kwa sababu ya magoti ya shosho. Pomboo wa Kisite waacheni kwa mwaka mwingine. Huko ni bahari ya wazi na Agosti boti hurushwa.

Fundi wako Mdigo basi ameshinda nusu.

MamaPacha_Rongai

Dada BintiShela, nimekuelewa lakini sikubaliani nawe yote. Sisi tulikwenda Lamu Agosti na pacha wangu wa miaka minne na ndiyo safari wanayoitaja mpaka leo. Hatukuifuata kuogelea. Watoto walishinda darini kwenye kivuli wakichungulia paa za watu, na kwenye vichochoro wakisikiliza "simile, simile!" ili wajibanze ukutani punda wapite na mifuko ya simiti. Bahari tuliiangalia kutoka kwenye mashua, tukala samaki, tukalala.

Ila Baba Zawadi, kwa familia yako naona ugumu. Nyumba za zamani zina ngazi nyembamba na zimesimama wima, vyumba vizuri viko juu. Shosho atapanda siku ya kwanza, ya pili atakuuliza umemleta wapi. Kigari cha mtoto acha nyumbani, hakina pa kupita, leso mgongoni. Ndege za kutoka Wilson zinatua Manda, kisha unavuka kwa boti na mizigo yako, na nyingi ni ndege ndogo, mizigo kilo 15 kwa mtu. Nepi za wiki peke yake ni kilo ngapi? Nunueni hukohuko.

Mzee_wa_Kinoo

Kuhusu Unguja nitasema mambo mawili tu. La kwanza, cheti cha homa ya manjano. Tanzania inakidai kwa anayetoka Kenya, kuanzia umri wa mwaka mmoja, na watoto wa Nairobi kwa kawaida hawajachanjwa kwa sababu kliniki za watoto huitoa chanjo hiyo kwenye kaunti chache tu za Bonde la Ufa. Cheti huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano. Ukidungwa Jumatatu na ndege ni Ijumaa, umepoteza tiketi. Zuri ni kwamba ukishakipata ni cha maisha. Shosho mpelekeni kwa daktari kwanza, waliopita miaka 60 huangaliwa kwa makini kabla ya chanjo hiyo.

La pili ni hilohilo la maji. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, bahari hupwa mpaka uione kwa mbali sana, na kusi linawapiga usoni. Nungwi na Kendwa, kaskazini, unaogelea karibu saa yoyote. Lakini kwa laki moja na nusu, watu wazima watatu kwa ndege? Shemeji yako achangie.

Nesi_Kayole

Ninyi nyote mmeandika maji na hakuna aliyeandika mbu. Pwani kuna malaria. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Nairobi hana kinga yoyote dhidi yake, na yule wa chini ya miaka mitano hubadilika haraka. Mwone daktari kabla ya safari mzungumzie dawa ya kuzuia, hupimwa kwa kilo za mtoto, usigawe vidonge vya mtu mzima jikoni. Chandarua kila usiku hata kama chumba kina feni, na jioni nguo za mikono mirefu.

Hili la pili watu hulisahau: dalili huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, maana yake mko Umoja tayari, duka limefunguliwa, mtoto anachemka mnasema ni homa ya baridi. Homa yoyote wiki zinazofuata, nendeni mkapime na mumwambie daktari kwa mdomo wenu kwamba mlikuwa Pwani. Asipoambiwa anaweza asifikirie malaria.

Na hicho kidimbwi cha saa nne cha BintiShela, ni kizuri, ila jua la saa nne Diani si la Nairobi. Ngozi nyeusi pia huungua. Shati la mikono mirefu la kuogea, kofia, mafuta ya jua masikioni na juu ya nyayo. Bebeni pakiti za ORS na zinki kwa ajili ya tumbo. Madafu yanywewe, lakini mtoto akiharisha ORS ndiyo dawa, dafu halichukui nafasi yake.

BabaZawadi_Umoja

Asanteni sana, jamani. Nimewasomea mke na shosho kwa sauti usiku huu. Mke amesema sawa, Lamu tutaenda Januari mwaka ambao duka litakuwa na msaidizi. Shosho ameuliza jambo moja tu, kama huko hutengenezwa chai ya maziwa. Kwa hiyo ni treni, Diani, na Wasini siku moja. BintiShela, ya asubuhi au ya mchana? Na kutoka stesheni hadi Diani bado ni kivuko cha Likoni?

BintiShela

Chai ya maziwa ipo, na kuna mahamri na mbaazi za kuisindikiza. Shosho hatarudi Othaya akiwa amekonda.

Panda ya asubuhi, ile ya saa mbili. Inasimama njiani kwa hiyo inachukua muda zaidi, lakini mnapita Tsavo mchana na ndovu wekundu wa vumbi huonekana dirishani. Ya saa tisa ni ya haraka, ila mtafika usiku na mtoto amelala begani. Fikeni Syokimau mapema, saa moja kabla au zaidi, kwa sababu mizigo hupangwa chini kwa mstari mbwa waipitie, kisha mashine, kisha tiketi. Mwandaeni Zawadi kwa mbwa. Kisu cha matunda msibebe, kitabaki pale. Daraja la kawaida siku hizi ni shilingi 1,500. Zawadi analipa nusu, wa chini ya miaka mitatu halipi ila hana kiti, atakaa mapajani. Viti vya kawaida vimetazamana na magoti ya shosho yatagongana na ya jirani, kwa hiyo mkatieni yeye kiti cha upande wa njia. Na msichelewe kukata, Agosti tiketi huisha mapema.

Likoni si lazima tena. Mkishuka Miritini gari linapita barabara ya Dongo Kundu, mnatokea upande wa Kusini bila kugusa feri. Mpatane bei kabla mizigo haijaingia kwenye buti.

Chumba ombeni cha chini, chenye friji. Na msile ndizi barazani, tumbili wa Diani hufungua hata zipu. Tarehe ukishazikata ziweke hapa, nikuhesabie maji ya kila siku.

Kahawa_Tungu

Chenji yangu basi hakuna.