Mjadala: Corvette ya 1967 isiyo na redio wala hita, ni adimu au ni pungufu tu?

Hesabu Kavu
Wakuu, naleta hoja. Mwaka wa modeli 1967 Chevrolet ilitoa Corvette (gari lake la michezo) 22,940. Zilizoagizwa na redio (msimbo wa oda U69) zilikuwa 22,193, kwa hiyo zisizo na redio ni 747. Zilizoagizwa bila hita (C48, mnunuzi akipunguziwa dola 97.85) ni 35 tu. Zenye injini ya L88, ile V8 kali ambayo kila mtu anaililia, ni 20, na kiwanda hakikukubali kuiuza na redio wala na hita. Sasa toa 20 kwenye 35. Zinabaki Corvette 15 zisizo na hita ambazo si L88, chache kuliko L88 zenyewe. Mbona hakuna anayezitafuta? Uadimu wa kuagiza vikorombwezo vichache ni wa kulipiwa, au ni maneno ya wauzaji?

Mpenda V8
Mkuu, gari lisilo na hita si adimu, ni pungufu. Ingekuwa hivyo, jokofu lililong'oka mlango nalo lingepelekwa mnadani. L88 inalipiwa injini: hedi za alumini, mgandamizo 12.5 kwa 1, kabureta kubwa ya Holley, nguvu halisi zaidi ya farasi 500 hata kama kiwanda kiliandika 430. Hizo 15 zako zina nini? Na isiyo na redio ndiyo rahisi kughushi kuliko zote. Ng'oa redio, ziba tundu la antena, piga rangi, jioni unayo "adimu" yako.

Bi Faibaglasi
Jioni? Kaka, hapo umepuyanga vibaya.

Bodi ya Corvette ni faibaglasi, haizuii mawimbi kama bati. Ndiyo maana gari lililotoka na redio lilifungwa vifuniko vya kromu juu ya distribyuta na waya za plagi, cheche zisije zikakoroma kwenye spika. Gari lililoagizwa bila redio halikufungwa vifuniko hivyo kabisa. Kwa hiyo anayeghushi inabidi atoe vifuniko, atoe vishikio vyake, na afute alama za boliti mahali vilipokaa miaka hamsini na ushee.

Halafu tundu la antena, liko fenda ya nyuma kushoto. Paneli za kiwandani zilibanwa kati ya molidi mbili, ni laini nje na ndani. Kiraka cha mkono kina nyuzi za mkeka wa faibaglasi zinazoonekana kwa ndani, na resini yake rangi tofauti. Kuziba vizuri lazima usage kingo kwa mteremko mpana pande zote mbili, upange tabaka kwa tabaka, uache ikauke sawasawa. Ukiharakisha, resini ya poliesta inaendelea kusinyaa chini ya rangi na baada ya muda duara la tundu linajichora lenyewe juani. Simamisha gari kwenye jua la pembeni uangalie fenda kwa mshazari, utaliona.

Mpenda V8
Dada, "jioni" ilikuwa namna ya kusema tu, usinikazie. Swali langu liko palepale, nani anaingiza kichwa chini ya fenda na tochi na kioo? Watu wanaangalia karatasi.

Bi Faibaglasi
Asiyeingiza kichwa chini ya fenda ndiye mteja wa viraka. Mwache alipe.

Oktani 103
Mimi najua L88 ni 216, si 20. Nani anatudanganya hapa?

Hesabu Kavu
216 ni jumla ya miaka mitatu: 20 za 1967, 80 za 1968 na 116 za 1969. Na ya kutokuwa na hita ni ya 1967 peke yake, 1968 L88 ilikuja na hita.

Alumini
Naona mmeiruka L89. 1967 zilitoka 16, yaani L71, V8 nyingine ya mwaka ule, iliyovalishwa hedi za alumini. Hiyo ni injini, Mpenda V8, si hita, na ni chache kuliko L88. Mbona bei yake haifiki ya L88? Maana yake uchache peke yake haupangi bei, iwe wa injini au wa hita.

Mzee wa Stempu
Nirudi kwenye hili la "karatasi", maana limenikera. Karatasi zipi? Chevrolet si Ford. Wa Mustang ya 1967 anaagiza ripoti ya Marti (inatokana na kumbukumbu za Ford), anapata gari lilivyotoka kiwandani hadi uwiano wa difu. Wa Pontiac ana PHS, huduma kama hiyo. Sisi wa Corvette hatuna hifadhi kama hiyo. Namba ya chasisi ya 1967 inakwambia 19437 ni kupe (coupe, ya paa gumu), 19467 ni ya kukunjua paa, S ni kiwanda cha St. Louis, basi. Injini haimo, hita haimo, redio haimo.

Kilichopo ni stika ya oda, yenye orodha ya vilivyoagizwa, iliyobandikwa juu ya tangi la mafuta. Kuiona lazima ushushe kibebeo cha tairi la akiba, umwage petroli, ufungue mikanda, ushushe tangi polepole. Mara nyingi utakuta petroli ilivuja kwenye shingo ya kujazia ikala wino. Na ukiikuta safi mno, ogopa: za kuchapisha upya zipo sokoni.

Mpenda V8
Ndiyo nilichosema basi! Kama haithibitiki, usiilipie.

Mzee wa Stempu
Hukusema hivyo, ulisema jokofu.

Oktani 103
Kuthibitisha L88 si kazi. Angalia pedi ya bloku (sehemu bapa inayogongwa stempu) mbele ya hedi ya kulia: T ya kiwanda cha injini cha Tonawanda, tarehe ya kuunganishwa, kisha IT, msimbo wa L88. Pembeni namba ya gari. Imeisha hiyo.

Mzee wa Stempu
Imeisha kwa anayeuza. Herufi mbili mtu anazigonga kwa nyundo. Usisome herufi kwanza, soma uso wa chuma. Kiwandani pedi ilisawazishwa kwa kuparuliwa, inabaki na mistari myembamba inayofuata urefu wa injini. Bloku iliyosagwa upya kwa mashine ya kuzunguka ina mikwaruzo ya tao, au ni laini kama kioo. Mistari haipo na stempu ni kali? Mtu amepita hapo. Kisha tarehe za kumiminwa chuma cha bloku: herufi ya mwezi, siku, tarakimu ya mwaka, C 15 7 ni Machi 15, 1967. Bloku lazima imiminwe kabla ya injini kuunganishwa, na injini kabla ya gari. Bloku ya Aprili kwenye gari la Machi ni hadithi.

Hesabu Kavu
Tumetoka nje ya mada ila nichomekee. Hizi "pekee duniani" za wauzaji ni hesabu za bei rahisi. Chukua vikorombwezo 10 tu vya ndiyo au hapana: michanganyiko 1,024. Zidisha kwa rangi 10 za mwaka ule na bodi 2, unapata 20,480. Magari ni 22,940. Ukichagua vigezo vya kutosha, kila Corvette ni pekee duniani. Ndiyo maana nimeleta C48 peke yake, msimbo mmoja.

Mpenda V8
Msimbo mmoja wa kitu ambacho hakipo.

Bi Faibaglasi
Kisichokuwepo ndicho kigumu kughushi, ndiyo nashinda nikisema. Kuongeza ni kufunga boliti. Kuondoa kunaacha matundu kwenye faibaglasi, vishikio vya hosi, na midomo ya hosi kwenye pampu ya maji ambayo inatakiwa iwe na plagi.

Alumini
L89 jamani. Kumi na sita.

Mpenda V8
Alumini, hedi ni boliti na gaskiti. Nani ananihakikishia hazikufungwa juzi?

Mzee wa Stempu
Fungua kifuniko cha valvu, tarehe ya kumiminwa iko hapo ndani. Ukikuta ya 1969, funga urudishe funguo.