Moto uko ng'ambo ya mlima, moshi umejaa ndani. Tufanyeje?

MamaZuu:
Wadau, salaam. Msitu wa ng'ambo ya mlima unaungua na bado hatujaambiwa tuhame. Mchana tunapata nafuu. Jua likizama tu, moshi unashuka na kutanda bondeni, na alfajiri ndiyo balaa lenyewe: koo linawasha, macho yanachonyota, nguo nilizozifua zinanuka moshi hata kabla hazijavaliwa. Binti yangu ana pumu, na mama mkwe ana shida ya moyo. Mama mkwe ametundika mashuka yaliyolowa kwenye madirisha yote na hataki kusikia la mtu. Je, yanasaidia? Na nitajuaje kuwa sasa ni wakati wa kuondoka?

Mstaafu_Zimamoto:
Pole sana, dada. Nianze na hilo la pili, ndilo lenye haraka. Usingoje kuona ndimi za moto. Cheche hubebwa na upepo zaidi ya kilomita moja mbele ya moto wenyewe, zikatua kwenye majani makavu juu ya paa au kwenye kuni zilizoegeshwa ukutani. Nyumba nyingi huanza kuungua hivyo, moto mkubwa ukiwa bado mbali. Kwa hiyo mtoto na bibi wahamishwe mapema, amri iwe imetoka au haijatoka. Gari ligeuzwe litazame barabarani, tangi lijae, dawa na vyeti viwe kwenye begi moja. Mkiwa njiani fungeni vioo, na hewa ya gari izungushwe ndani kwa ndani.

Kuhusu alfajiri: usiku hewa hupoa, ikawa nzito na kuzama bondeni pamoja na moshi wake. Jua likishapasha ardhi, moshi hunyanyuka. Kama ni kufungua madirisha, fungua saa ile unapoona hewa imetakata, kwa kawaida mchana.

Nesi_wa_Zamu:
Mashuka hunasa majivu yale unayoyaona kwa macho. Yanayoumiza ni chembe zisizozidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja una unene wa kama mikromita 70. Hizo hupenya kitambaa, kilowe kisilowe, zikaingia mapafuni hadi kwenye damu. Ndiyo maana hata mwenye shida ya moyo anaathirika, si mwenye pumu peke yake.

Chagueni chumba kimoja tu, chenye madirisha machache. Viringisha taulo, lizibe uwazi chini ya mlango. Mkiwa na kisafisha hewa chenye kichujio cha HEPA (aina inayonasa hata chembe ndogo sana), kiwekeni humo. Hamna? Feni ya boksi na kichujio cha MERV 13 (daraja la uchujaji linalonasa chembe ndogo) kilichobandikwa nyuma yake kwa utepe wa gundi hufanya kazi nzuri, ila msilale mkaiacha ikizunguka. Humo ndani msikaange, msiwashe mshumaa, ubani wala dawa ya mbu ya kuwasha. Joto likizidi humo, ondokeni mwende penye hewa safi. Kujifungia kwenye joto kali nako ni hatari.

Barakoa iwe N95, ile inayochuja chembe ndogo, na ibane usoni. Ya kitambaa haikusaidii kitu.

Binti akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, midomo ikibadilika rangi, au inhela ikimpa nafuu ya muda mfupi tu, ni hospitali moja kwa moja. Bibi akilalamika kifua kinabana, vivyo hivyo.

Kobe_Mpole:
Nyongeza ndogo: majivu msiyafagie makavu, mtayarudisha hewani. Nyunyizeni maji kidogo kwanza, mvae barakoa na glavu.

MamaZuu:
Asanteni mno. Nimemsomea mama mkwe hilo la moyo, akanyamaza kidogo, kisha akauliza begi lake liko wapi. Yeye na binti wanaondoka leo mchana kwa wifi yangu, mbali na moshi. Mume anasema atabaki kulinda nyumba. Huyu nimfanyeje?

Mstaafu_Zimamoto:
Mpe kazi ya kufanya sasa hivi: asafishe paa na mifereji, asogeze kuni na mitungi ya gesi mbali na kuta, afunge matundu ya hewa kwa wavu wa chuma wenye macho madogo. Akimaliza, apande gari na ninyi. Mpira wa bustani hauzimi moto wa msitu, na maji mara nyingi hukatika saa ile ile unapoyahitaji.

MamaZuu:
Yuko juu ya paa tayari, ananung'unika. Begi lake nimeshalipakia.