Shilingi ya Mzee Kenyatta ya 1966: mwaka wa kwanza una nini hasa?

Kijana_wa_Likoni:
Wakuu, habari za jioni. Nyanya kanipa mkebe wa sarafu za zamani, nyingi ni shilingi na sumuni za Mzee Kenyatta. Nilipoweka picha kwenye kundi la kuuza na kununua, jamaa wawili wakanijia inboksi mbio, na wote wanataka shilingi ya 1966. Ya 1971 na ya 1975 hata hawaziulizii. Mmoja ananipa 50,000, ila nimtumie kwanza "pesa ya usajili". Sasa, sarafu hizi zilitoka kwa mamilioni, kila nyumba ilikuwa nazo. Huo mwaka wa kwanza una nini? Na niisugue kwa ndimu na majivu ing'ae?

MzeeWaHazina:
Ndimu tia kwenye samaki. Sarafu iliyosuguliwa mkusanyaji anaijua kwa kuitupia jicho tu, na bei inaporomoka hapo hapo.

Fanya hivi: weka ya 1966 na ya 1975 sambamba, upande wa sura. Ya 1966 ina sura ya Mzee basi, pembeni patupu. Ya 1975 imezungushiwa maandishi ya Kiingereza yanayomtaja kuwa Rais wa Kwanza wa Kenya. Maandishi hayo yaliingia 1969. Kwa hiyo muundo wa mwanzo ulipigwa chapa 1966 hadi 1968 tu, na anayetaka sarafu moja ya kila muundo kwa kawaida huchagua ule mwaka ulipozaliwa.

Halafu 1966 ndio mwaka Kenya ilipotoa sarafu zake yenyewe, baada ya zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Kama mkebeni mna ndururu, yaani senti tano, utaona: ya Bodi ina tundu katikati, ya Kenyatta haina.

Mwana_Kariakoo:
Huku kwetu nasi tulianza 1966. Shilingi ya Mwalimu, nyuma mkono umeshika Mwenge wa Uhuru. Ila muundo ule ulikaa hadi miaka ya 80, kwa hiyo ya 1966 iliyochakaa mimi siilipii zaidi ya bei ya chai. Mwaka wa kwanza peke yake haupandishi bei.

Bint_Sarafu:
Naunga mkono. Tena mwaka wa kwanza mara nyingi ndio unaopatikana kirahisi, kwa sababu watu huona sarafu mpya wakaificha. Chukueni senti ya Marekani ya Lincoln ya 1909. Mchongaji, Victor David Brenner, aliweka herufi za jina lake, V.D.B., upande wa nyuma. Watu wakalalamika, zikaondolewa mwaka huo huo. Zilizopigwa chapa Philadelphia zikiwa na herufi hizo zilikuwa karibu milioni 28, wengi waliziweka, na mpaka leo mtu wa kawaida anaimudu moja. Zilizopigwa San Francisco zikiwa na herufi hizo hizo zilikuwa 484,000 tu. Hizo ndizo zenye bei ya kutisha. Mwaka ni ule ule, Lincoln ni yule yule!

Kwa hiyo Likoni, angalia hali ya sarafu. Nywele na ndevu za Mzee zinaonekana mstari kwa mstari, au zimelainika? Mikuki na ngao upande wa pili je?

Kijana_wa_Likoni:
Nywele zimelainika kiasi, ngao iko safi. Na huyo wa usajili?

MzeeWaHazina:
Tapeli. Mnunuzi wa kweli anaomba picha za pande zote mbili, hakuombi pesa. Na kwa hali hiyo unayoieleza, 50,000 ni ndoto.

Kijana_wa_Likoni:
Nimemblock. Lakini nimepata na ya 1968, nayo pembeni haina maandishi. Hiyo hakuna aliyeiulizia.

Bint_Sarafu:
Usiitenganishe na ya 1966. Mwenye kukamilisha muundo ule atataka miaka yote mitatu, kwa hiyo pekua huo mkebe uitafute ya 1967 kabla hujauza chochote.