Tupeane uzoefu: Udzungwa, hifadhi ya kutembea kwa miguu

Wakuu, salaam. Nyuzi nyingi za utalii humu zinaishia Serengeti na Ngorongoro, basi huu naomba uwe wa Milima ya Udzungwa tu. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na haina barabara za kuzunguka na gari. Ukishuka Mang'ula, kwenye lango la hifadhi, ni miguu yako na mwongozaji.

Mimi nilipanda Maporomoko ya Sanje, ambayo kwa jumla yanashuka mita zipatazo 170. Unayasikia muda mrefu kabla ya kuyaona. Ukikaribia, hewa inapoa, majani yanadondosha maji na shati linakuwa zito mwilini. Kule juu msitu unafunguka ghafla, bonde la Kilombero lote liko chini yako, miwa hadi macho yanakoma. Mito inayolilisha bonde lile inatoka milimani humo, na ukisimama pale huhitaji kuelezwa kwa nini msitu huu usiguswe. Waliofika, karibuni.

Mama Ifakara
Asante kwa uzi, kaka. Mimi nilimfuata ngolaga, yule nyani wa Sanje. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, wakati wenyeji wanamjua tangu enzi za mababu, na duniani kote anapatikana kwenye milima hii tu. Tulikuta kundi limekaa chini, wanapekua majani makavu kwa mikono, taratibu. Mmoja alikuwa karibu kiasi cha kusikia mbegu ikivunjika menoni. Mashavu yamemjaa, na bado anaokota. Mwongozaji alitukataza kula mbele yao na kuwasogelea, maana wanaambukizwa maradhi yetu. Jamani, mwenye mafua abaki nyumbani.

Mtembezi
Nakazia hapo kwa dada. Ila tuwaambie watu ukweli: anayetaka simba aende Mikumi, iko jirani tu, na unaweza kuziunganisha kwa safari moja. Tembo wapo Udzungwa, lakini mara nyingi utaona kinyesi na nyayo tu. Kwa mbega wekundu inua shingo: tawi likitikisika bila upepo, simama, nyamaza, subiri. Wanaoongea njia nzima wanarudi wakisema msitu hauna kitu, na hilo huwa linaniuma.

Kijana wa Moro
Viatu viwe vya kung'ata ardhi. Masika, Machi hadi Mei, mawe yanateleza vibaya. Juni hadi Oktoba njia ni kavu zaidi. Mtanzania beba kitambulisho, kiingilio chetu ni nafuu kuliko cha wageni.

Mama Ifakara
Kuna aliyepanda kilele cha Mwanihana? Kinazidi mita 2,000 na lazima ulale njiani. Nataka kujua maji mlichota wapi na baridi ya usiku ikoje, kabla sijawachukua wanangu.